Noti za halmashauri za miji, Hispania 1937: kutambua na kuhifadhi

Swali: Wakuu, naomba msaada. Noti ya senti 50 imeandikwa "Pins del Vallès", 1937, lakini kwenye ramani mji huo haupo. Je, ni feki? Na kwa nini mji mdogo uchapishe pesa zake?

Jibu la 1: Mkuu, jina lisikutishe. Huo ni Sant Cugat del Vallès, katika jimbo la Katalunya, Hispania. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe miji mingi ya upande wa Jamhuri, yaani wa serikali, ilifuta majina ya watakatifu. Sant Boi de Llobregat nayo ikaitwa Vilaboi. Tafuta kwa majina yote mawili.

Kisa cha noti ni chenji. Peseta (pesa ya Hispania wakati huo) ya karatasi ilipokuwa ikishuka thamani, watu walificha sarafu za madini ya fedha, hasa ya peseta 5 yenye gramu 25. Sokoni pakabaki noti kubwa tupu, mkate haununuliki. Halmashauri zikatoa senti 25, senti 50 na peseta 1, zinazotumika ndani ya mji husika tu. Ukivuka mpaka, karatasi yako haina kazi. Januari 1938 serikali ilipiga marufuku noti hizo, ndipo vikaja visahani vya kadibodi vilivyobandikwa stempu ya posta.

Jibu la 2: Kuhusu ufeki: zima taa ya juu, laza tochi ubavuni mwa noti. Mhuri wa kubonyeza usio na wino, kama upo, utatupa kivuli. Geuza nyuma: nambari iliyopigwa kwa mashine huacha alama ya kugandamiza. Kisha chukua kioo cha kukuza. Ukiona vitone vya rangi mchanganyiko badala ya wino mzito uliojaa, hiyo ni nakala ya printa. Noti isiyo na nambari wala saini si lazima iwe feki. Huenda ni baki la kiwandani ambalo halikuwahi kutolewa. Kikatalani huandika "pesseta", s mbili, hivyo usidhani ni kosa la mchapaji.

Jibu la 3: Nakusihi, usiipige pasi kuondoa mikunjo! Joto na uzito hulaza ule mhuri, na haurudi tena. Selotepu pia hapana, gundi yake hugeuka njano na kuzama kwenye karatasi. Mfuko uwe wa plastiki ya poliesta. Plastiki ya PVC hutoa kemikali inayonata.