Abstrakti yangu (muhtasari wa utafiti) imekubaliwa kongamano la saikatria ya mahakama Uingereza, ila mgonjwa mmoja ananinyima usingizi. Naombeni ushauri

Nesi wa Mwembeni
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Mimi ni nesi wa afya ya akili, niko Mtwara mjini, kituo sitataja. Kwa miaka kadhaa sasa watu wanaoletwa na polisi au mahakama ili waangaliwe akili mimi ndo nawapokea, yani gari linasimama pale chini ya mwembe, askari anashuka na mtu ana pingu, nyuma anakuja mama na kikapu, na ile barua ya mahakama imekunjwa mara nne mpaka wino umefutika kwenye mikunjo. Nikawa naandika kwenye kaunta buku, barua ina tarehe gani, mtu kafika lini, kaondoka lini kwenda Isanga, ile hospitali ya akili ya watu wenye kesi kule Dodoma, karudi lini au hajarudi. Nilipoenda kusoma masters nikaigeuza ikawa utafiti, kibali cha maadili ninacho, nikatuma abstrakti Uingereza kwenye kongamano la madaktari wa akili wanaoshughulika na kesi za jinai. Juzi usiku imeili ikaingia wamenikubalia, tena sio bango la kubandika ukutani, ni kusimama mbele za watu dakika 10 na maswali dakika 5. Nilipiga ukelele jirani akatoka na panga akajua mwizi.

Sasa furaha imekata. Mle ndani niliweka mgonjwa mmoja kama mfano, kijana wa wilaya ya (nimefuta), kesi ya mauaji ndani ya familia. Jina nilitoa, ila umri upo, wilaya ipo, mwaka upo, na nikaandika ilitokea siku pesa za korosho zimeingia. Jana nimetulia nikaisoma tena, jamani, mtu yeyote wa kule akisoma mistari miwili tu anakutajia jina lake na la mama yake. Ruhusa ya mafaili nilipewa na hospitali, yeye mwenyewe sikumuuliza. Na ndo sehemu ambayo wale waliopitia abstrakti wameisifia!

Mengine: kuna mkubwa wangu mmoja kazini, hajagusa hata jalada moja, anataka jina lake litangulie. Hela ya safari sina. Na kiingereza changu nikiwa na hofu kinakimbia chote.

Nimehariri: wilaya nimefuta, asante Baharia.

Baharia wa Mikindani
Dada hongera ila FUTA HIYO WILAYA SASA HIVI. Mimi sio daktari, navua samaki, nimesoma hapo nimeshajua ni nani na mjomba wake tunajuana. Kama mimi nimejua kwa simu ya kioo kilichopasuka, we fikiria watu wa kule kule.

Mzee wa Shangani
Mwanangu, marahaba na hongera. Nimefanya kazi wodi za akili mpaka nimestaafu, acha niseme kwa kirefu maana hapa ndo kwenye uzito, hayo mengine utayamaliza kwa simu mbili tatu.

Huku kwetu kumficha mtu sio kufuta jina. London mtu wa miaka 27 aliyemuua ndugu yake anapotea kwenye umati, ila kwenye kijiji cha nyumba 200 mwaka ule labda kulitokea tukio moja tu, kwaiyo ukitaja msimu na aina ya tukio umeshataja mtu. Huyu kashabeba jina la kichaa na jina la muuaji, usimuongezee na la slaidi.

Taratibu za kuripoti kisa cha mgonjwa mmoja, zile wanaziita CARE za mwaka 2013, zinataka ridhaa yake. Kibali cha kusoma mafaili ni kitu kingine kabisa, hicho kinakupa ruhusa ya kuhesabu, sio ya kusimulia maisha ya mtu. Unaweza kusema ana ugonjwa ataridhiaje. Hapana, wengi wakishatibiwa wanaelewa vizuri tu, uwezo wake unapimwa leo, sio siku ile alivyokuja na pingu. Ila usiende kumuomba wewe. Yeye anajua karatasi za hospitali ndo zitakazomtoa au kumbakiza, akikuona na yunifomu atasaini chochote hata ukimpa karatasi nyeupe. Aende mtu asiyehusika na ripoti yake, ustawi wa jamii kwa mfano, na amwambie wazi kukataa hakumharibii kitu.

Na kama hujapata ridhaa usifanye ujanja wa kuchanganya wagonjwa watatu ukatengeneza mmoja bila kusema. Kwenye utafiti huo ni uongo. Toa kisa kizima. Waandikie waandaaji leo leo kabla kitabu cha abstrakti hakijatoka, kikishapanda mtandaoni hakishuki.

Kichwa Maji Masasi
Mi naona ungeongezea na mambo ya uchawi hapo sista, mganga, kuchanjwa, wazungu watakupigia makofi wamesimama 😂

Mzee wa Shangani
Na ndo atakuwa kawauzia kichekesho. Mgonjwa akisema "nilisikia naitwa", kwetu anaweza kuwa anasikia sauti ambayo haipo, anaweza kuwa anamaanisha mizimu ambayo nyumba nzima inaiamini, na pengine kweli kaitwa na shangazi yake nje. Ukiitafsiri kwa neno moja la kiingereza umeshaamua kesi. Kama hilo ulilichunguza liseme, kama hukulichunguza liache.

Wakili Kusini
Dada mimi naongea upande wa sheria. Usipoteze hata dakika kuwafundisha Waingereza kanuni za M'Naghten, zile za kupima kama mshtakiwa alikuwa na akili timamu, zimetoka kwao, 1843, jamaa alimpiga risasi katibu wa waziri mkuu pale London. Wape mstari mmoja tu, kwamba kifungu cha 13 cha Kanuni yetu ya Adhabu kinatoka ukoo huo huo, wataelewa, endelea mbele.

Ila tenganisha vitu viwili ambavyo hata mahakamani watu wanavichanganya. Kuna kama alikuwa na akili timamu WAKATI WA KITENDO, na kuna kama LEO anaweza kuelewa mashtaka na kujitetea. Mtu anaweza kuwa mzima siku ya tukio akaugua mahabusu, au kinyume chake. Kama kwenye kaunta buku yako umeandika tu "kaletwa kuangaliwa akili", rudi kwenye zile barua uone mahakama iliuliza lipi.

Na hapa sikiliza vizuri, maana naona umekalia dhahabu hujui. Sheria inampa daktari siku 42 kuandika ripoti, na siku hizo zinaanza mtu akishapokelewa hospitali. Zile siku ambazo hakimu kashaandika amri ila mtu bado yuko gereza anasubiri gari, mafuta, askari wa kumsindikiza mpaka Dodoma, karibu kilomita elfu moja ukipitia Dar, hizo hazihesabiwi na mtu yeyote. Wewe unazo! Tarehe ya barua na tarehe ya kuondoka zote umeandika. Hiyo ndo mada yako, huyo kijana hata humhitaji.

Pia kumbuka tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za afya ni nyeti, usitembee na majina kwenye laptopu. Na soma masharti ya cheti chako cha NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, huwa kuna sharti la kuomba ruhusa kabla ya kuchapisha matokeo. Waulize kama kongamano linaingia humo.

Nesi wa Mwembeni
Kaka Wakili nimesoma hapo kwenye siku zisizohesabiwa nikaenda kufungua kaunta buku saa 5 usiku. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Mama Mtihani
Mdogo wangu mimi nafundisha chuo Dar, kwetu Newala. Kuhusu mkubwa wako usigombane naye, mtumie kanuni za ICMJE, ile kamati ya wahariri wa majarida ya tiba. Mwandishi ni aliyechangia kazi kweli, akashiriki kuandika au kuirekebisha, akaridhia toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa kazi yote. Vyote vinne. Mwambie kwa adabu "mkuu naomba upitie rasimu hii, ukinirudishia na marekebisho Ijumaa tutaona nafasi yako". Nakuhakikishia Ijumaa itapita kimya, na wewe utamuweka kwenye shukrani.

Hela: waandikie uulize punguzo la ada kwa wa nchi zetu, ila soma kundi. Tanzania tangu Julai 2020 Benki ya Dunia imetupandisha kipato cha kati ngazi ya chini, na punguzo lingine ni la nchi maskini kabisa peke yake. Wakigoma uliza kama unaweza kuongea kwa video. Viza anza sasa, barua ya mwaliko, barua ya mwajiri, na alama za vidole ni mpaka uende Dar.

Takwimu: kundi likiwa na watu wawili au watatu usiandike asilimia wala umri wao, andika tu "chini ya 5". Kiingereza andika sentensi fupi, na swali usilolielewa mwambie arudie, hata wao kwa wao hawaelewani.

Nesi wa Mwembeni
Mrejesho wakuu, samahani nilipotea.

Waandaaji wamekubali nibadilishe, walinipa siku 4. Kijana nimemtoa. Nilitaka kumtafuta kwa ajili ya ridhaa nikajiuliza namtafuta kwa faida ya nani, nikaacha. Mahali pake nimeweka ramani, Mtwara, Lindi, Kibiti, Dar, Morogoro, Dodoma, na chini yake mstari wa siku, za njano ni kusubiri gari na za kijani ni hospitali. Supavaiza wangu aliangalia ile njano akanyamaza kidogo, akaniuliza "una uhakika na hizi tarehe?" Nikampa kaunta buku.

Barua 6 hazisomeki tarehe kwenye mikunjo, hizo nimezitoa na nimesema nimezitoa.

Mkubwa wangu Ijumaa ilipita kimya kama Mama Mtihani alivyosema 😂 Ada wamenipunguzia nusu, nauli bado, nimeomba kwa mwajiri na shemeji kasema anasubiri mnada wa korosho.

Nimejipima kwa simu, mara ya kwanza dakika 14, jana 10 na sekunde 40. Kesho alfajiri napanda basi la Dar kwa ajili ya vidole vya viza.

Baharia wa Mikindani
Toa hizo sekunde 40 kwenye salamu, huwa mnasalimia sana.