Wiki moja ya utulivu kisiwani Ugiriki: kisiwa gani, mwezi gani?

Rungwe_Juu:
Habari wakuu. Mimi na mke wangu tupo Mbeya, tunataka wiki moja kwenye kisiwa kidogo cha Ugiriki: kuogelea, kutembea kwa miguu, kulala mapema. Santorini, kile kisiwa chenye watalii wengi, hatukitaki. Tunafikiria Agosti. Tuanzie wapi?

Mafinga_Msafiri:
Agosti achana nayo mkuu. Tarehe 15 ni sikukuu ya Bikira Maria, Wagiriki wenyewe wanajaa visiwani na vyumba vinapanda bei. Nendeni Septemba, bahari bado ina joto la kiangazi. Mei ni nzuri kwa kutembea ila maji ni baridi. Aliyezoea mto Kiwira atavumilia.

Angalieni Irakleia, Schoinoussa au Donousa, kati ya visiwa vya Naxos na Amorgos. Koufonisia iko hapohapo, lakini imeshachangamka mno. Mkitua Athens, basi X96 au metro ya mstari wa 3 inawafikisha bandari ya Piraeus. Meli ya kawaida hadi Naxos ni saa tano na kitu, kisha mnaunganisha na meli ndogo iitwayo Express Skopelitis.

Matema_Upepo:
Mkuu hapo juu kasahau upepo. Julai na Agosti unavuma meltemi kutoka kaskazini, tena anga likiwa safi bila wingu, ndiyo maana mgeni hashtuki. Ukifika nguvu ya 8 kwenye kipimo cha upepo cha Beaufort, mamlaka ya bandari inazuia meli kuondoka. Boti za kasi na vyombo vidogo huzuiwa mapema zaidi. Hapo ndipo watu wanakosa ndege ya kurudi. Rudini Athens siku moja kabla ya ndege, mlale huko, hata mwezi Septemba. Hadi Naxos pandeni meli kubwa inayobeba magari, si boti ya kasi. Upepo ukizidi, ogeleeni fukwe za kusini.

Bebeni euro taslimu, ATM huko ni chache. Karatasi za chooni zinatupwa kwenye ndoo, mabomba yao ni membamba.

Isimani_2:
Viza ni ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), euro 90 kwa mtu mzima. Unaomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Bima isipungue euro 30,000. Pasipoti iwe hai miezi 3 baada ya kutoka kule, na kurasa mbili tupu. Msiingize pesa nyingi benki kwa mkupuo wiki ya kuomba. Anayepitia maombi anaangalia mzunguko wa miezi, sio salio la leo. Na tiketi msilipie kabla ya viza, wekeni nafasi tu.

Rungwe_Juu:
Asanteni sana. Basi Septemba, Schoinoussa. Tutahitaji gari?

Mafinga_Msafiri:
Hapana. Fukwe nyingi mnafika kwa miguu kutoka kijiji kikuu. Ila bandari ya Mersini iko chini na kijiji kiko juu, kwa hiyo mwambieni mwenye chumba mnakuja na meli gani. Wengi huja kupokea wageni na mizigo.