Nyumba ndogo imechakaa, hela yenyewe ya kuhesabu, bajeti nianzie wapi?

mwenye_kibanda:

Wakuu habari zenu. Nimepata nyumba ndogo, vyumba viwili na sebule, jiko na choo viko ndani, ni ya siku nyingi na waliokaa mwisho wameiacha hoi. Hela ya ukarabati nimeidunduliza miaka mitatu na hakuna nyingine inayokuja karibuni, mkopo sitaki hata kusikia. Nikashika daftari nikaanza: rangi nyumba nzima, taili sebuleni na chooni, silingi mpya, makabati ya jiko, mlango wa mbele. Nikajumlisha nikaona inatosha na chenji inabaki, nikalala usingizi mzuri.

Sasa akaja fundi wa kwanza, akazunguka kama dakika kumi, akanitajia bei ambayo ni mara mbili ya hesabu yangu, hajaandika popote. Wa pili akasema nusu ya yule. Nimebaki njia panda, huyu wa kwanza ananipiga au huyu wa pili hajaona kitu? Nyie mnapangaje, kuna fomula?

Halafu kuna kingine sijui kama kina maana, chumba cha nyuma ukuta wa chini ya dirisha rangi imetutumka kama malengelenge, ukikwangua unatoka unga mweupe. Hapo nilipanga nipige msasa nipake upya yaishe.

bisibisi_ya_babu:

Mkuu hicho ulichokiacha mwisho ndo kilitakiwa kiwe swali la kwanza. Huo unga mweupe ni chumvi. Maji yanapita ndani ya ukuta, yanabeba chumvi ya kwenye tofali na udongo, yakifika juu yanakauka na chumvi inabaki hapo inasukuma rangi. Ukipaka juu yake utakuwa umenunua miezi michache tu, na ukipaka rangi nzito isiyopumua ndo unayafungia maji humo humo.

Kabla ya kununua chochote fanya hivi. Chukua kipande cha nailoni, kibandike ukutani kingo zote kwa selotepu, hakikisha hakuna upenyo, kiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, yaani kati ya nailoni na ukuta, basi maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani basi ni mvuke tu wa humo ndani, tatizo ni hewa haizunguki, fungua madirisha. Jaribio la bure kabisa na linaweza kubadilisha daftari lako lote.

Af toka nje uangalie udongo umefika wapi ukilinganisha na sakafu ya ndani. Unatakiwa uwe chini ya sakafu walau sentimita 15. Nyumba za zamani watu wanafagia, wanajaza udongo, wanapanda maua, miaka ishirini baadaye udongo umepanda juu ya sakafu na hakuna aliyegundua. Panda na darini na bisibisi, chomachoma mbao za kenchi hasa zile zinazokaa juu ya ukuta, ikizama kama kwenye mkate ujue mchwa au maji vimeshapita. Ila kama paa au silingi ni zile bodi ngumu za kijivu za zamani usikate wala kuvunja, zinaweza kuwa na asbesto, vumbi lake ni baya, tafuta anayejua kuzitoa.

Kuhusu wale mafundi, hakuna aliyekupiga kwa uhakika. Kila mmoja amekupigia bei ya nyumba iliyoko kichwani mwake. Wa kwanza pengine kaweka paa na nyaya, wa pili kaweka rangi. Andika wewe kazi zote kwenye karatasi, chumba kwa chumba, uwape karatasi ile ile, waweke hela ya ufundi peke yake na vifaa peke yake. Hapo ndo unaweza kulinganisha.

mama_daftari:

Naunga mkono hoja ya karatasi na naongeza yaliyonikuta. Mimi bajeti yangu iliuliwa na sakafu. Chumba cha mita 3 kwa 4, fundi akasema tunamwaga sentimita 3 tu, nikanunua mifuko mitatu ya sementi, sawa kabisa kwa mchanganyiko wa sementi moja kwa mchanga nne. Kubandua sakafu ya zamani tunakuta upande wa mlangoni umetitia, ikabidi wastani uwe sentimita 5. Ni sentimita mbili tu jamani! Lakini mifuko ikawa mitano, mchanga nao ukapanda hivyo hivyo, na vyumba vilikuwa vitatu. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa napiga hesabu huku fundi ananiangalia, nikajua makabati ya jiko yamekwenda.

Kwa hiyo mdogo wangu, toa asilimia 20 kabla hujagawa chochote na ujifanye hela hiyo haipo. Watu wanasema 10 inatosha, inatosha kwa nyumba ambayo unajua kilichomo chini ya sakafu. Yako hujui.

Na vile vidogo ambavyo havimo kwenye daftari lako: kuzoa kifusi, usafiri wa vifaa, misumari, gundi ya taili, msasa, taili za ziada asilimia 10 kwa ajili ya zinazokatwa na kuvunjika, na kama hamtalala humo, hela ya pa kulala. Kimoja kimoja hakitishi, vikijumlishwa ni chumba kizima.

Fundi usimpe hela yote mkononi hata akulilie. Lipa kwa hatua, kipande fulani kikiisha unaangalia unalipa, na cha mwisho kibaki mpaka umefungua bomba zote na kuwasha taa zote. Mimi wa kwangu nilimmalizia Ijumaa, Jumatatu simu haipatikani na mlango wa choo haufungi.

kisu_kikali:

Bomoa jenga upya. Kiraka juu ya kiraka mwisho hata nguo unaitupa.

bisibisi_ya_babu:

@kisu_kikali hela ya kubomoa na kujenga unamchangia wewe? Kubomoa ni swali la msingi na kuta, si la rangi kutoka. Aangalie nyufa kwanza. Zile nyembamba kama unywele za kwenye plasta zisimsumbue. Ila ufa unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha na unaingiza ncha ya penseli huo augongee alama, aandike na tarehe pembeni, arudi baada ya wiki kadhaa aone kama unatembea. Ukitembea aite mtu wa kuangalia msingi kabla hajatumia hata senti.

mwenye_kibanda:

Nimerudi wakuu, samahani kwa ukimya. Nailoni nimebandika, matone yako ndani, ukuta umelowa kweli kweli. Nikatoka nje nyuma ya kile chumba nikapima kwa kamba na pima maji, udongo uko juu ya sakafu kama upana wa vidole vinne!! Na juu yake bati halina gata, maji yote ya upande ule yanadondokea pale pale, pana shimo kabisa. Nimeshinda na jembe siku mbili nimeshusha udongo urefu wa ukuta wote na nimeuwekea mteremko wa kwenda mbali. Gharama ni malengelenge ya mikononi, safari hii ya kwangu.

Darini mbao mbili za upande huo huo bisibisi imezama, zingine ngumu. Ufa upo mmoja nimeuandikia tarehe. Mita ya maji nimeifanyia kitu nilichosikia, nikafunga bomba zote saa nzima, namba haijasogea, yaani hakuna bomba linalovuja, angalau hapo nimepumua.

Daftari jipya sasa linaanza na gata, zile mbao mbili na mabati ya juu yake, umeme (soketi hazina waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, hata moja), ndo plasta ya kile chumba. Asilimia 20 nimemkabidhi dada yangu akae nayo maana mimi najijua. Baada ya hapo inabaki hela ya rangi na taili za chooni tu. Sebule itabaki na sakafu yake, silingi nayo itasubiri.

Swali, ukuta nikishaukwangua naupiga plasta lini?

bisibisi_ya_babu:

Kwangua sasa hivi mpaka tofali, panda juu kama nusu mita kupita pale ulipoishia unyevu, sugua chumvi kwa brashi kavu, usioshe kwa maji. Uache wazi, ukuta mnene unaweza kukaa miezi unakauka, ndo maana chumba hicho kiwe cha mwisho. Rudia nailoni kila baada ya wiki chache. Ikitoka kavu piga plasta, imwagilie siku saba, halafu subiri mwezi kabla ya rangi. Jipsam usitumie hapo chini, ikipata unyevu inalainika. Na kama mvua zimepita na ukuta bado unalowa, maji yanapanda toka chini, hiyo sasa ni kazi nyingine na ndo ile asilimia 20.

mama_daftari:

Mdogo wangu na rangi usinunue kwa kukisia. Chumba cha 3 kwa 4 chenye kuta za mita 2.7 ukitoa mlango na dirisha unabaki na kama mita 34 za mraba, ukipaka mara mbili ni 68, lita moja inapaka kama mita 10 za mraba, kwa hiyo lita 7. Fundi wangu aliniagizisha 20.

mwenye_kibanda:

Wangu kaandika 20 hizo hizo dada 😂 Kesho namrudishia karatasi. Fundi umeme anakuja Jumamosi, ntaleta mrejesho.