Re: Nimehamia New Orleans, mliujuaje mji huu?

> Shikamooni wakubwa. Nina wiki tatu hapa, sina gari. Mimi Mwislamu, na kila chakula naona kina nguruwe. Mji naujua kwa dirisha la basi la kazini tu. Nyinyi mlianzaje?

Marahaba binti yangu, karibu sana.

Fungua redio, 90.7 FM, WWOZ. Mimi ndiyo iliyonitoa ndani. Inaishi kwa michango ya wasikilizaji tangu 1980, na watangazaji wake wengi ni watu wa mji huuhuu wanaojitolea. Kila baada ya saa mbili wanasoma orodha wanayoiita Livewire: nani anapiga leo, ukumbi gani, saa ngapi. Kaa na kalamu.

Huko ndiko nilikosikia habari za second line. Jumapili mchana, isipokuwa miezi ya joto kali, chama kimoja cha mtaani kinatoka na bendi ya matarumbeta, wanachama wamevaa sare zinazometameta, na yeyote anaruhusiwa kufuata nyuma akicheza. Hulipi kitu. Nilipoambiwa kwamba vyama hivi vilianza kwa watu weusi kuchangiana matibabu na mazishi, nilisimama pale barabarani nikamkumbuka marehemu mama na kile chama chake cha kufa na kuzikana. Tangu siku hiyo sijajiona mgeni hapa. Vaa viatu vya kutembelea, beba maji.

Kwa chakula, hamia 89.9, WWNO, usikilize kipindi cha mapishi, Louisiana Eats, cha Poppy Tooker. Utaelewa kwa nini Jumatatu mji mzima unakula wali na maharage mekundu: ilikuwa siku ya kufua, basi chungu kiliachwa kichemke taratibu na mfupa wa nguruwe uliobaki Jumapili. Huo mfupa ndio taabu yako. Nyumbani weka shingo za bata mzinga za kukausha kwa moshi, pamoja na kitunguu, pilipili hoho na figili ya majani, ladha haipungui. Mgahawani usidanganywe na jina: gumbo, ile supu nzito ya hapa, hata ikiwa ya kamba na kaa mara nyingi imetiwa andouille, soseji ya nguruwe, na mchuzi unaweza kuwa wa mifupa. Muulize mpishi mwenyewe. Na hilo neno gumbo ni la Kibantu, kutoka upande wa Angola, kingombo, yaani bamia. Kwa hiyo usiiogope, ni ya kwetu.

Mama wa Gentilly

---

Mama amemaliza, naongeza mawili.

Sisi tuliotoka Kongo, Jumapili tunapita Congo Square, ndani ya Louis Armstrong Park. Enzi za utumwa Waafrika walikusanyika hapo Jumapili kupiga ngoma na kuuziana vitu, na ngoma bado zinapigwa.

La pili: nunua redio ya betri kabla ya Juni. Msimu wa vimbunga ni Juni mosi hadi Novemba 30. Umeme ukikatika na simu ikafa, redio ndiyo itakayokuambia wapi pana maji na barabara ipi imefungwa.

Kaka wa Algiers, mtaa wa hapahapa New Orleans

---

Asanteni sana wazee wangu. Mama, hizo shingo za bata mzinga zinapatikana duka gani ambalo basi linafika?