Bath na Bristol siku mbili: gari la dizeli, watoto watatu na bibi mwenye magoti

Kutoka: Mama Watatu, Reading

Wapendwa, habari za majukumu.

Likizo ya nusu muhula ndiyo hiyo inabisha hodi, na safari hii nimeapa watoto hawatashinda wiki nzima kwenye simu. Nafikiria Jumamosi na Jumapili: Bath kwanza, tulale usiku mmoja njiani, kesho yake Bristol, jioni turudi. Tuko sita. Mimi na mwenzangu, watoto wa miaka 12, 9 na 5, na mama mkwe ambaye yuko nasi tangu mwezi uliopita. Yeye hana neno na safari, ila magoti yake na ngazi haviivi chungu kimoja. Gari ni la viti saba, dizeli ya 2013.

Tuegeshe wapi? Makumbusho gani yanawafaa watoto bila kutuacha mifuko mitupu? Kuna lolote la kuangalia barabarani? Naomba kuwasilisha.

Kutoka: Baba Mapacha, Swindon

Dada, hayo maneno "dizeli ya 2013" ndiyo yaliyonikalisha chini niandike.

Bristol ina Clean Air Zone, yaani eneo la hewa safi, tangu Novemba 2022. Kwenye vibao utaona wingu ndani ya duara la kijani, na mtu mwenye haraka anaweza kudhani ni tangazo la bustani. Kule hata gari la familia linatozwa kama halikidhi kiwango cha moshi. Petroli inatakiwa iwe Euro 4, kwa kawaida magari ya kuanzia 2006, na dizeli iwe Euro 6, yaani ya kuanzia Septemba 2015 hivi. La kwako halipiti. Ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya GOV.UK uhakikishe, lakini mimi nakuambia halipiti.

Tozo ni pauni 9 kwa siku, na siku yao inaanza saa sita usiku na kuishia saa sita usiku. Ukiingia saa tano usiku ukatoka saa saba, hizo ni siku mbili. Hakuna geti, hakuna kibanda, hakuna mtu wa kukupungia mkono. Kamera inasoma namba ya gari, wewe mwenyewe ndiye unayetakiwa kukumbuka kulipa. Unaweza kulipa kuanzia siku sita kabla, na mwisho ni usiku wa siku ya sita baada ya kuingia. Lipia palepale GOV.UK. Kuna tovuti zinazoiga sura ya serikali halafu zinakuongezea gharama zao juu.

Sasa nieleze yaliyonikuta, na kosa ni langu asilimia mia. Mwaka jana niliingia Bristol na dizeli ya umri huohuo wa lako. Wingu la kijani nililiona, nikasema hayo ni mambo ya malori. Wakati huo tulikuwa tumehama nyumba miezi michache nyuma na sikuwa nimebadilisha anwani kwenye kadi ya gari, ile V5C. Barua ya faini inatumwa kwa posta kwa mwenye gari aliyeandikishwa, kwa hiyo ilikwenda zake nyumba ya zamani. Mpangaji aliyeingia baada yetu ni muungwana, alikuwa akitutunzia barua kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya mlango. Nilipoufuata ule mfuko, siku 14 za kulipa nusu, yaani pauni 60, zilishapita. Nikatoa 120, na ile tisa ya siku yenyewe juu yake. Pauni 129 kwa mchana mmoja wa aiskrimu bandarini. Tena nishukuru yakaishia hapo, maana kutobadilisha anwani ya kadi ni kosa lenye faini yake inayoweza kufika pauni 1,000.

Kwa hiyo kabla hujapima upepo wa matairi, toa kadi ya gari usome anwani. Na mkirudi, ukipata meseji kwenye simu ikisema una faini ya Bristol bofya hapa, usibofye. Faini ya kweli inakuja na bahasha.

Bath ni nafuu kwa hilo, gari binafsi halitozwi. Tatizo la Bath ni maegesho. Mitaa ni ya karne ya 18, imejengwa kwa ajili ya farasi na watu wa kubebwa kwenye viti. Ukitoka barabara kuu ya M4 kwenye makutano namba 18 na kushuka na A46, fuata vibao vya Park and Ride ya Lansdown, acha gari, panda basi.

Kuona, mimi ningechagua vitu viwili tu, cha tatu ni cha njiani. Cha kwanza ni mabafu ya Warumi. Tiketi si rahisi, ila ukinunua mtandaoni mapema inasaidia, na siku za kazi ni nafuu kuliko wikendi. Maji yanatoka ardhini yenyewe yakiwa na nyuzi 46, zaidi ya lita milioni moja kila siku, na hayajakoma tangu Warumi wafike. Mwishoni mnaruhusiwa kuyaonja. Pacha mmoja alimeza, wa pili akatema na kusema ni kama kulamba ufunguo.

Cha pili ni Royal Crescent, nyumba 30 zilizojengwa kwa umbo la mwezi mwandamo kati ya 1767 na 1774. Kila mtu anapiga picha mbele kwenye majani halafu anaondoka. Nyinyi zungukeni nyuma. Mbele ni sare tupu, nguzo kwa nguzo, kwa sababu mnunuzi alikuwa ananunua kipande cha ukuta wa mbele uliokwisha kuchorwa, kisha anatafuta fundi wake wa kumjengea nyumba nyuma ya ukuta huo. Kwa hiyo nyuma kila mtu na lwake: huyu kaongeza chumba, yule kabinua paa, madirisha hayalingani. Wanangu walicheka pale kuliko mahali pengine popote. Mimi nilikumbuka baadhi ya harusi zetu.

Cha njiani, mkitoka Bath kuelekea Bristol, mtaa wa Newbridge kuna Fairfield House. Haile Selassie aliishi pale kuanzia 1936, baada ya majeshi ya Mussolini kuivamia Ethiopia, mpaka 1940. Mwaka 1958 akaitoa nyumba kwa jiji la Bath. Haifunguliwi kila siku, angalieni kwanza.

Bristol acheni gari Park and Ride ya Brislington, iko kwenye hiyohiyo A4 mnayotoka nayo Bath, nje ya eneo la tozo. Makumbusho ya M Shed bandarini ni bure. Humo ndimo ilimo sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, iliyosimamishwa mwaka 1895 na kuangushwa na waandamanaji tarehe 7 Juni 2020, wakaitumbukiza bandarini. Hawakuisimamisha tena. Wameilaza chali, na rangi walizoimwagia waandamanaji wameziacha. Watoto wanaitazama kwa juu, na hiyo peke yake ni somo.

Halafu Georgian House, barabara ya Great George, nayo bure. Ilikuwa nyumba ya John Pinney, aliyetajirika kwa mashamba ya sukari kisiwani Nevis. Ukiingia unaona sahani, vitanda, jiko la chini, hata birika la mawe ambamo bwana alikuwa akiogea maji baridi. Mtu wa kuuliza habari zake ni Pero. Pinney alimnunua Nevis mwaka 1765 akiwa na miaka 12, pamoja na dada zake wawili, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa 6. Alikuja naye hapa akiwa mtumishi wake wa ndani. Baada ya hapo teremkeni bandarini mvuke daraja la waenda kwa miguu lenye pembe mbili kubwa. Limepewa jina la Pero mwaka 1999.

Meli ya SS Great Britain ni nzuri sana, lakini ni ya kulipia na inataka nusu siku. Iachieni safari nyingine.

Kutoka: Mzee wa Minibasi, Slough

Mwanangu kasema kweli, ila wale wanaofikiria kwenda kwa kikundi wasome kwa makini. Bath kutotoza ni kwa magari binafsi ya kawaida. Minibasi ya zamani isiyofika kiwango inatozwa pauni 9 kule pia. Na kabla hujachukua usukani wa minibasi ya jumuiya, tazama nyuma ya leseni yako. Waliofaulu mtihani wa gari dogo kuanzia Januari 1997 hawana daraja la D1, lile la minibasi, moja kwa moja. Kuna masharti yanayomruhusu mtu wa kujitolea, asiyelipwa, kuendesha kwa shughuli za jamii, lakini masharti ni mengi. Usiendeshe kwa kuambiwa "hamna shida".

Kutoka: Dada wa Easton, Bristol

Karibuni sana nyumbani kwetu.

Baba Mapacha umesahau bibi. Georgian House haina lifti, ni ngazi juu na ngazi chini. Na kutoka bandarini kwenda pale ni kilima cha Park Street, ambacho mimi mwenye miaka 30 na kitu nakipanda kwa kusimama. Mama Watatu, kwa watu sita, piga hesabu ya nauli za basi na magoti ya mama, huenda ukaona afadhali ulipe hiyo tisa kwa roho safi, uingie na gari lako. Tozo si faini. Faini ni kusahau.

Mkiwa na gari, piteni pia mtaa wa St Pauls. Kwenye kuta za nyumba kuna picha saba kubwa za waanzilishi wa tamasha la St Pauls, lililoanza 1968. Wamo Owen Henry na Roy Hackett, ambao pia walikuwa katika mgomo wa mabasi wa 1963. Wakati huo kampuni ya mabasi ya hapa ilikuwa haiajiri madereva wala makondakta weusi au wa Asia, na watu wakakataa kupanda mabasi yake mpaka ikasalimu amri tarehe 28 Agosti. Bibi hana haja ya kushuka, anaziona picha akiwa kwenye kiti.

Daraja la Clifton mwende jioni. Kwa miguu ni bure.

Kutoka: Mama Watatu, Reading

Tumerudi salama, asanteni wote. Leo ni Alhamisi, ndiyo nguo za safari zimekauka.

Fairfield House hatukuingia, tulifika siku ambayo si yake. Baba Mapacha aliniambia niangalie, sikuangalia. Mama mkwe aliomba tusimame nje kidogo hata hivyo. Alisema redio ya baba yake ilikuwa ikimtaja sana huyo mfalme.

Maji ya Bath nimeyaonja. Ufunguo, kweli.

Georgian House tuliingia na gari mpaka karibu. Mama mkwe alikaa chini kwenye kiti, sisi tukapanda. Mkubwa wangu ndiye aliyesoma habari za Pero, akashuka mbio kumsimulia bibi yake: alinunuliwa ana miaka 12 kama mimi, na wadogo zake wawili. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mama yao?" Mtoto akanigeukia mimi. Sikuwa na la kumjibu. Akapanda tena ngazi peke yake kwenda kusoma upya, akakaa huko muda mrefu. Kwenye daraja lile la pembe alivuka ameshika mkono wa mdogo wake, jambo ambalo nyumbani hata ukimlipa halifanyi.

St Pauls tulipita, picha zote saba tulizihesabu, wa miaka mitano akasema ni nane.

Sasa hapa ninapoandika nimefungua risiti ya ile tisa ili niwaonyeshe kwamba mara hii kuna mtu wa kundi letu aliyelipa kwa wakati. Tarehe iliyoandikwa ni ya Jumamosi. Jumamosi tulikuwa Bath. Bristol tuliingia Jumapili. Siku ya sita ni keshokutwa, kwa hiyo naomba mniwie radhi, nakwenda GOV.UK sasa hivi.