Mpira wa rangi gani kwa mbwa asiyeuona kwenye nyasi?

Wakuu, habari za jioni. Nina mbwa dume, bado mdogo, namfundisha kukimbilia mpira na kuurudisha. Mpira wenyewe ni mwekundu. Ukiwa unabingirika anaudaka vizuri tu, ila ukishatulia kwenye nyasi anaupita pembeni kabisa, halafu anarudi akinusanusa mpaka pua iuguse. Jirani anasema mbwa huona nyeusi na nyeupe basi. Hapo sikubaliani naye: mwaka 1989 Neitz, Geist na Jacobs, watafiti wa Marekani, waliwapima mbwa wakakuta wana aina mbili za seli za kuonea rangi, sisi tunazo tatu. Bluu na njano wanazitofautisha. Nyekundu na kijani ndizo zinazowachanganya.

Sasa nimekwama hapa. Wauzaji wanasifia njano, lakini kama kijani cha nyasi nacho anakiona kama njano iliyofifia, si mpira utapotea vilevile? Mimi naegemea bluu. Mliofundisha mbwa, mnatumia rangi gani kwenye nyasi? Na giza likianza kuingia, rangi inasaidia chochote au nimwachie pua yake?