Mikataba ya umeme inasainiwa kwa siri, anayelipa ni mnunuzi wa LUKU

Wakuu, uzi huu nimeukalia muda mrefu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 ulinifanya nirudishe pesa za watu nilizokwisha nunulia vyuma. Nilikopa kuzirudisha. Kwa hiyo msiniambie nitulie.

Nchi hii ukame ukibana, mabwawa yakikauka, inatangazwa dharura, na ikishatangazwa anayeuliza maswali anaonekana msaliti. Ndivyo tulivyoipata IPTL, kampuni binafsi ya kuiuzia TANESCO umeme, mwaka 1995: megawati 100, miaka 20, na kipengele kwamba mwenye mitambo analipwa hata ikiwa imezimwa. Imezimwa, jamani! Mwaka 2006 ukame mwingine, tukaletewa kampuni ya Richmond ya umeme wa dharura, mitambo ikachelewa huku nchi iko gizani. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata hilo. Sawa, alijiuzulu, lakini utaratibu uliozaa mkataba ule ulibaki palepale, ndiyo maana 2014 Bunge lilikuwa linahangaika tena na IPTL ileile, safari hii pesa za Escrow, yaani zilizochotwa kwenye akaunti zilikohifadhiwa wakati TANESCO na IPTL wakigombania malipo.

Wana Mtwara walipouliza 2013 kwa nini gesi isafirishwe kwa bomba hadi Dar, walipelekewa wanajeshi. Swali lao lilikuwa halali na lilistahili hesabu mezani.

Halafu Machi 2025, bwawa la Nyerere la megawati 2,115 tukiwa tumelishangilia wote, tunasikia kwenye hotuba kwamba mikoa ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa sababu umeme unapotea mwingi njiani kutoka kusini. Sababu inaweza kuwa nzuri kabisa! Umbali ni mrefu, hilo hata mimi nalielewa. Kinachoniuma ni kuambiwa mambo yakiwa yameshaamuliwa. Bei ya uniti ni ngapi? Mkataba wa miaka mingapi? Na nyaya za kwetu zinatengenezwa lini?

Sheria ya uwazi ya 2015 inamtaka waziri aweke hadharani mikataba ya madini, mafuta na gesi. Ya kununua umeme haikuguswa. Mbunge yeyote unayesoma hapa, peleka hoja binafsi iingizwe, na mkataba uwekwe wazi kabla ya kusainiwa. Wa Ethiopia uwe wa kwanza.